Chupa Sita za Oili

Kasanga,
20 Februari 1983

Mama Kalista,

Salamu zangu zikukute salama wewe na mtoto, hapo Izia kwenye baridi yenu. Mimi huku ziwani ni mzima, ila joto limeninyonya, suruali zote zinanipwaya.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Ile boti ya matembezi aliyoiacha yule mzungu mtaalamu wa samaki, hii ninayoiendesha, imekaribia kuishiwa oili. Limebaki kopo moja la mtaalamu mwenyewe, nalo limefika nusu. Baada ya Pasaka watakuja wageni wanne wa Meneja kutoka mkoani. Wanataka kutembezwa ziwani na kuvua kwa ndoano, kama wazungu walivyokuwa wakifanya. Meneja Felisiani kaniita ofisi ya mradi, kafunga mlango, kasema, "Zenon, mashine ikiimba siku hiyo nakuthibitisha kazini, na ile nyumba ya mabati karibu na bohari ni yako. Ikikohoa, panda kwenu ukalime ulezi." Unaelewa maana yake. Mwaka wa pili huu nalala na wanaume watatu chumba kimoja, na mtoto wangu nikija likizo ananikimbia.

Nimeweka humu kibali cha galoni moja. Nenda dukani kwa Mzee Halfani. Mtaalamu alikuwa akijisifu kuwa oili yake haikuchimbwa ardhini, ilipikwa maabara, haigandi wala haiungui. Hiyo ndiyo ninayoitaka, ya kopo, yenye maandishi. Usikubali nyingine. Ukishapata mpe Polikarp, dereva wa lori linaloshuka huku kupitia Matai.

Msalimie mama yangu.

Mumeo,
Zenon


Izia, Sumbawanga,
1 Machi 1983

Baba Kalista,

Barua yako Polikarp aliileta ndani ya kofia, imenyonya jasho lake lote, ikabidi niianike juani kabla ya kuisoma. Sisi wazima. Kalista ameota jino la nne na ananing'ata nalo. Naandika amelala mgongoni, kwa hiyo mstari ukipinda ujue amejigeuza.

Oili nimepata. Lakini si ile uliyosema. Soma hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Nilifika kwa Mzee Halfani nikakuta foleni ya sabuni. Nikamwamkia, nikampa kibali, nikasema nataka ya maabara, ya kopo. Analo moja, kalifunika na gunia. Akaliweka mezani, halafu akaniuliza, "Mama Kalista, kijiti cha kupimia oili kiko upande gani kwenye hiyo mashine?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi boti hiyo nimeipanda mara moja tu, na siku yenyewe nilikuwa natapika."

Watu wakacheka. Akasema, "Hata anayetapika ana macho. Mumeo oili anaitia wapi?"

Nikakumbuka. Mwaka jana nilikuona unaimimina ndani ya dumu lilelile la petroli, unatikisa, ndipo unaunga mpira wa mashine. Nikamweleza. Akalirudisha kopo chini ya gunia.

"Basi hiyo haina tumbo la oili," akasema. "Oili yake inapita pamoja na petroli, inafanya kazi yake, inaungua, inatoka moshi. Kama pikipiki ya mapadre. Hii ya maabara ni bora kuliko zote nilizonazo, sikatai, lakini imepikwa ikae ndani ya injini ya gari bila kuungua. Umesikia? Bila kuungua. Sasa wewe unataka kuitia mahali pa kuungua."

Nikamwambia mume wangu kasema yenye maandishi. Akasema, "Mumeo anataka kusoma au anataka kuendesha boti?" Mama mmoja nyuma yangu akadakia, "Mzee, mpe basi na miwani!" Nikaona haya, lakini sikuondoka. Nikafikiri, huyu angetaka kuniumiza angeniuzia kopo, maana bei yake ni mara tatu. Akajipunguzia faida mwenyewe.

Kwa hiyo nimechukua ile ya pikipiki, ya kuchanganya. Inakuja kwa pipa, makopo hana, akanijazia chupa sita za pombe kali zilizooshwa. Kila mdomo akauziba kwa nta nyekundu na kuigonga muhuri kwa pete yake, asije mtu njiani akachota na kujazia maji. Stakabadhi ninayo, imeandikwa chupa sita, oili ya kuchanganya.

Kipimo kasema hivi, na nimemfanya arudie mara mbili: debe moja la petroli, chupa moja kamili. Usipunguze.

Najua uliniambia vingine. Lakini wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo.

Mkeo,
Bertilla


Kasanga,
9 Machi 1983

Mama Kalista,

Sanduku limefika. Afadhali lingepotea njiani.

Nililifungua uwanjani, Meneja amesimama nyuma yangu nisijue. Akainua chupa, akainusa, akasema, "Zenon, wageni wa mkoa unataka kuwapa gongo?" Wakacheka hadi wapishi. Dada yangu Adela naye akacheka, alikuwa anaparua samaki pale. Tangu siku hiyo hapa jina langu ni Bwana Gongo. Mlinzi wa geti ananisalimia, "Bwana Gongo, umeamkaje na kichwa?"

Mimi nimefundishwa mashine na mtaalamu mwenyewe, mwaka mzima. Wewe umefundishwa na foleni ya sabuni. Nilikuambia kopo. Neno moja tu, kopo, na umeshindwa.

Zenon


Izia,
16 Machi 1983

Baba Kalista,

Nimeipata barua yako wakati mbaya, lakini nitajibu.

Kalista alishikwa na homa Ijumaa. Alikakamaa macho juu. Nilitoka nje napiga kelele, mvua inanyesha, na aliyetokea ni Bi Kulsumu, mke wa Mzee Halfani, alikuwa anapita kutoka kwa dada yake. Alimvua mtoto nguo zote, akamfunga kwenye khanga yake yenye maji, akamkimbiza hospitali mgongoni kwake, mimi nafuata nyuma naanguka matopeni. Siku mbili alikaa nami pale. Uji wa mtoto alikuwa analeta yeye. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Nyamaza bwana, lala kidogo, unanuka usingizi." Sasa mtoto ni mzima, anachezea ungo.

Kuhusu chupa. Pole kwa kuchekwa. Naijua aibu, mimi nimetembea mtaa wa Mazwi mzima na gauni lililochanika kwa nyuma na hakuna aliyeniambia. Lakini mashine haina macho, haioni chupa. Wakicheka waache wacheke. Debe moja, chupa moja. Hata ukinichukia, changanya hivyo.

Nakungoja.

Bertilla


Kasanga,
10 Aprili 1983

Mama Kalista,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Jumatano baada ya Pasaka tulitoka saa tatu asubuhi. Wageni wanne, Meneja, mimi, na Beda mshika kamba, yule mtu wa makamo aliyekubeba ulipotapika usilowe miguu. Mashine iliimba vizuri tukapita miamba. Wageni wakaanza kupiga makofi. Haikufika nusu saa sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayesaga meno. Ikakamata. Nilivuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata kidogo. Imenoki, pistoni imeshikana na silinda, hakuna fundi wa kuifufua.

Upepo ukaanza kutupeleka kwenye mawe. Beda akajifunga kamba kiunoni, akaruka aogelee hadi kwenye mwamba wa pembeni ajaribu kutuvuta. Wavuvi walituokoa sisi. Kamba tuliivuta ikaja peke yake. Beda alionekana siku ya tatu, mkewe alimtambua kwa mkanda.

Hiyo ndiyo oili yako. Nilikukataza na ukabisha, na sasa mtu amekufa kwa ubishi wako. Sitaki kukuumiza, lakini nani mwingine nimwambie?

Meneja anatafutwa na wakubwa wa wale wageni. Ameniambia wazi: ni mimi au ni muuzaji. Unasikia redioni jinsi walanguzi na wahujumu wanavyosakwa. Anataka stakabadhi. Ipeleke kwa wanaohusika huko mjini, useme ukweli kuwa Halfani alikukatalia oili nzuri akakuuzia chafu. Fanya haraka. Fikiria mtoto.

Zenon


Izia,
19 Aprili 1983

Baba Kalista,

Nimefanya. Nakueleza yote, uyabebe pamoja nami.

Barua yako niliisomea kisimani. Ndoo niliiacha palepale, sijui nani kaichukua. Nilimwona Beda kama alivyokuwa siku ile, amenibeba, ananitania, "Shemeji, mzito wewe, umekula mawe ya Ufipa?" Nikaona mimi ndiye niliyemzamisha. Nikaenda dukani na stakabadhi mkononi na mtoto mgongoni.

Sikumwamkia Mzee Halfani. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele, mbele za watu, kwamba ameniuzia uchafu, kwamba ameua mtu. Nilimwita mlanguzi. Neno hilo mwezi huu halisemwi, Baba Kalista, hata kwa adui. Nililisema mara tatu.

Na mle ndani alikuwemo mjumbe wetu wa nyumba kumi, Josefina, anakagua sukari, na mgambo wawili. Sikuwaona. Sasa ninajiuliza kama kweli sikuwaona. Josefina akaniambia, "Rudia, Mama Kalista, nisikie vizuri." Nikarudia. Akaichukua ile stakabadhi.

Mzee Halfani hakunikaripia. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, wanamvuta naye anauliza: "Ilichanganywa vipi? Mwanangu, niulizie tu, ilichanganywa vipi?" Kofia yake ilianguka. Mgambo mmoja aliikanyaga, sijui kwa makusudi.

Duka limepigwa kufuli na karatasi. Bi Kulsumu kila asubuhi anapeleka chakula kituoni, na kila asubuhi anarudi nacho. Wanasema mumewe ndiye aliyeua watu ziwani kwa oili ya uchafu. Watu, wanasema. Beda amekuwa watu.

Nami nakuuliza swali lake, maana limenikaa kichwani siwezi kusaga wala kulala. Ulichanganya vipi?

Bertilla


Kasanga,
26 Aprili 1983

Mama Kalista,

Umefanya kazi ya mke. Habari imefika hapa kabla ya barua yako. Meneja alipeana mkono na mimi mbele ya wafanyakazi wote, akasema mkeo ni mzalendo. Hakuna tena anayeniita jina lile.

Nimethibitishwa. Nyumba nimepewa ufunguo. Vyumba viwili, jiko la nje, mlango wake unatazama ziwa. Nimeshaomba mbao za kitanda cha mtoto. Fungasha, uje na Polikarp safari ya katikati ya Mei.

Nilichanganya kama ulivyoandika, debe moja chupa moja, mpaka zikaisha. Usiniulize tena. Halfani ni mtu wa maduka, ana ndugu Tabora na Dar, atajitetea. Sisi hatuna mtu.

Mumeo,
Zenon


Kasanga, jikoni,
28 Aprili 1983

Wifi yangu Bertilla,

Barua hii nimeandika mwenyewe sikumpa mtu. Mwalimu wa kisomo amesema herufi zangu zimesimama kama askari. Kwa hiyo usiseme tena wifi yako hajui kusoma, wewe usiyejua kupika samaki wetu mgebuka.

Nasikia unakuja kukaa kwenye nyumba ya mabati. Karibu. Utanikuta nimekufagilia, na utanilipa kwa kazi.

Nimempa Polikarp sanduku lako. Ni ile oili yako. Kabla ya Pasaka kaka alinipa akaniambia, "Adela, katupe hizi chupa ziwani, usimwambie mtu, zinanitia aibu." Nitupe mafuta, mwaka huu? Sisi tunaokaangia kwa kuazima? Nikamwitikia ndiyo kaka, nikazificha chini ya kuni. Zote sita, nta haijaguswa hata na panya. Nimeona umrudishie mwenye duka, au uwauzie mapadre wa pikipiki, maana sasa mashine imekufa hapa hazina kazi.

Wanasema oili mbaya ndiyo iliyoiua. Mimi sijui mashine. Siku ile nilipeleka chai, nilimwona kaka akitia ya kopo la mzungu, kifuniko kimoja kimoja, kama mtu anayempa mtoto dawa ya kikohozi. Akaniambia hii ni kali, haitaki nyingi. Labda ilikuwa imeoza, imekaa mno.

Chupa zikiisha nirudishie moja ya kutilia mawese. Na kaka usimwambie, atanigombeza.

Mjane wa Beda anakusalimu, ingawa hakujui. Nilimwambia nina wifi Sumbawanga.

Wifi yako,
Adela


Izia,
3 Mei 1983

Zenon,

Chupa sita ziko mezani kwangu. Nimezipanga kwenye mstari. Nta nyekundu, na alama ya pete ya Mzee Halfani kwenye kila mdomo.

Uliniandikia zimeisha.

Niandikie tena.

Bertilla


Kasanga,
9 Mei 1983

Bertilla,

Yule mjinga Adela. Nimemuuliza, analia tu.

Sawa. Niliona haya. Ungekuwa wewe ungeweza? Wageni wa mkoa wamesimama gatini na kofia zao, mimi natoa chupa ya gongo natikisa? Nilichukua kopo la mtaalamu, Meneja akaliona akatabasamu, akawaonyesha wageni maandishi. Lilikuwa limebaki kidogo. Mtaalamu mwenyewe alisema ina nguvu kupita oili zote, kwa hiyo nikatia kidogo. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Nilikosea kipimo, sikuua mtu. Beda aliruka mwenyewe, sikumtuma.

Sasa nisikilize. Hakuna anayejua ila wewe, mimi na Adela, na Adela ni damu yangu. Mwaga hizo chupa. Chimba nyuma ya choo umwage, chupa zivunje. Beda hatafufuka nikifungwa. Halfani amekwisha kula maisha yake, wewe na mtoto ndiyo mnaanza. Yule Kulsumu alikubebea mtoto siku moja, mimi ndiye baba yake siku zote.

Na wewe ndiye uliyepiga kelele dukani, usisahau. Si mimi. Ukienda kusema, utasema nini? Kwamba ulimsingizia mzee wa watu? Watakufunga wewe kwanza.

Ukifungua mdomo, jihesabu mjane. Na mama yangu nimeshamwandikia, atamchukua Kalista.

Nyumba inakungoja. Mwaga, uje.

Zenon


Izia,
14 Mei 1983

Baba Kalista,

Mama yako alikuja juzi. Alikuja kumchukua mtoto kama ulivyomwandikia. Nilimpa kigoda, nikampa uji wa ulezi, nikamsomea barua yako yote kwa sauti, na ya Adela, maana yeye hajui kusoma na wewe hukumwambia sababu. Aliweka bakuli chini. Halafu akasema, "Nilimzaa mwenyewe," akachukua fimbo yake akarudi kwake. Mtoto hakumgusa.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Bi Kulsumu na sanduku kichwani. Nilimweleza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilifikiri atanipiga. Nilitaka anipige. Alitoa chupa moja moja, akapitisha kidole kwenye kila nta, hadi ya sita. Akasema, "Twende."

Kituoni walimwita fundi wa pikipiki ya mapadre. Alifungua chupa moja mbele ya mkubwa wao, akachanganya kama Mzee alivyonielekeza, akaizungusha pikipiki uwanjani hadi tukachoka kusikiliza. Halafu walitoa ile stakabadhi wakahesabu. Sita kwenye karatasi, sita mezani. Nilitoa barua zako na ya Adela. Nilisema pia niliyoyafanya dukani, kwamba nilimsingizia mtu bila kumuuliza. Waliandika yote. Jina langu liko kwenye faili hilo chini ya lako. Wamesema nitaitwa.

Mzee Halfani walimtoa jana mchana. Siku ishirini na nane. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, na hakuna aliyesema kwa nini. Duka bado lina kufuli, wanasema hilo ni jambo jingine, lina karatasi zake. Nilimwamkia akapita. Sijui kama hakusikia, maana na sikio moja limevimba. Nilimwomba Bi Kulsumu msamaha palepale barabarani. Akasema, "Mtoto wako akiugua niite. Wewe usinisalimie."

Sasa nakwambia jambo la mwisho, ulijue kwangu.

Polikarp alikuwa ashuke Kasanga jana asubuhi. Barua hii ningekuwa nimeimaliza, angekufikishia jana hiyohiyo jioni, na ungekuwa na usiku mmoja wa kuvuka kwenda Zambia kwa mtumbwi. Wavuvi unawajua, wangekuvusha. Nilikaa uwanjani kwenye lori na karatasi hii mapajani, nimeandika mistari miwili tu. Polikarp akaniuliza, "Shemeji, una barua?" Nikamwambia bado. Akapiga honi, akaondoka. Nikamwangalia hadi kona ya mwisho, halafu nikalia nikarudi nyumbani kunyonyesha.

Leo lori jingine linashuka. Gari la askari halina mafuta, kwa hiyo nao wawili wamepanda hilohilo. Barua hii iko mfukoni mwa dereva, na wao wamekaa nyuma yake. Utawaona kabla hujaisoma.

Sikumchagua Mzee Halfani nikakuacha wewe, kama utakavyosema. Wewe nakupenda hata sasa. Sweta lako la kijani nimelifua, magereza yetu huku ni ya baridi, nitakuletea siku ya kwanza watakayoruhusu, na ugali, na mtoto akuone. Lakini mle ndani ya chumba cha mahabusu alikuwa anakaa mtu mwingine mahali pako, na kila siku niliyonyamaza ilikuwa ni mimi ninayemvunja vidole.

Wakikuuliza, jibu mara ya kwanza. Adela usimguse hata kwa neno, hakujua alichobeba.

Na kabla hawajakupandisha kwenye lori, waombe wakupitishe kwa mjane wa Beda. Anaamini mumewe aliuawa na mwenye duka wa Sumbawanga asiyemfahamu. Mwambie wewe mwenyewe ni nani. Simama mbele yake, mwangalie, useme. Hilo usilifanye kwa barua.

Mkeo,
Bertilla